Motokaa Kuukuu na Baridi ya Alfajiri

Ikiwa umezaliwa pwani na kukaa pwani, huenda baridi kwako ni jina tu. Lakini sisi tuliokaa katika nyanda za juu za Njombe na Makete twaijua. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani, mashamba yakaonekana meupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi, na mtu akipumua huiona pumzi yake mwenyewe. Katika alfajiri kama hiyo motokaa kuukuu hudhihirisha siri zake zote ilizozificha wakati wa joto.

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha huko, akina mama wawili walinigongea mlango saa kumi ya usiku. Binti wa jirani yetu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu magharibi, na mkunga alikuwa ameona dalili asizozipenda. Hospitali ilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa motokaa. Kijijini palikuwa na motokaa moja tu, nayo ilikuwa ya zamani, lakini mwenyewe hakusita. Alitoka mara moja, blanketi begani na ufunguo mkononi. Tukamweka binti kitini, dereva akajaribu kuwasha.

Motokaa ikakataa. Ilinguruma kwa uvivu kama mzee aliyeamshwa usingizini, ikanyamaza. Dereva akavuta choki, akakanyaga pedali mara nyingi, akajaribu tena na tena, hata sauti ikafifia kabisa. Wakati huo watu wamekwisha kukusanyika, na kila mtu ana neno lake. Mmoja alisema betri imekufa, haina budi kununuliwa nyingine. Wa pili alisema injini imechakaa. Wa tatu aliapa ya kuwa petroli imetiwa maji na mwenye duka. Vijana wakaisukuma motokaa toka mwanzo wa uwanja hata mwisho, wakatoka jasho katika baridi ile, wala isiwake. Na ndani ya motokaa binti analia.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kumwita mzee aliyekuwa fundi wa magari zamani. Alikuja na taa na mfuko wake mdogo wa vyombo.

"Babu, betri imekufa," wakamwambia.

"Wanangu, nani ameiona maiti yake?" akajibu. Kisha akauliza, "Mlipoanza, ilikuwa ikizunguka upesi au polepole?"

Hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu, maana wote walikuwa wakisema na hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Aliyoyaona mzee yule nitayaeleza mwishoni. Kwanza nataka tutazame namna wanadamu walivyopigana na jambo hili kwa muda wa zaidi ya miaka 130, kwa sababu katika motokaa kuukuu historia yote hiyo imo ndani, sehemu moja juu ya nyingine, na aijuaye historia hiyo hapotei upesi atafutapo ugonjwa.

BARIDI HUFANYA NINI?

Injini ya petroli yahitaji mambo manne ili iwake. La kwanza, petroli igeuke kuwa mvuke na kuchanganyika na hewa kwa kadiri ifaayo. La pili, pistoni iusindike mchanganyiko huo ndani ya silinda pasipo kuvuja. La tatu, cheche ya umeme itokee katika plagi kwa wakati wake. La nne, kitu cha nje kiizungushe injini kwa upesi wa kutosha hata ianze kujizungusha yenyewe.

Baridi huyashambulia yote manne kwa pamoja. Petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Katika baridi vile vyepesi tu ndivyo viwezavyo kupanda kuwa mvuke. Vilivyosalia hubaki matone katika kuta za bomba. Mafuta ya injini nayo huwa mazito kama asali, na pistoni hutembea ndani yake kama mtu apitaye matopeni. Betri, ambayo nguvu yake hutoka katika kazi ya risasi na asidi, hulegea, kwa kuwa kazi ya namna hiyo huenda polepole katika baridi. Maji yanapofikia kuganda, yaani nyuzi 0, betri nzima na nzuri hupoteza kama theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha, na katika nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza nusu au zaidi. Tena umande huingia katika nyaya, na umeme uliopasa kwenda katika plagi hupotea njiani.

Angalia basi taabu yake: asubuhi ambayo injini ni nzito kuliko siku zote, ndiyo asubuhi ambayo nguvu za kuizungusha ni chache kuliko siku zote. Motokaa mpya ina akiba ya kutosha, kwa hiyo hushinda. Motokaa kuukuu, ambayo kila sehemu yake imepungua kidogo, hushindwa. Mara nyingi hapana kitu kimoja kilichokufa. Vitu vitatu au vinne vimedhoofika, na baridi imevifumania vyote pamoja.

MWANAMKE NA PINI YA KOFIA

Karl Benz wa mji wa Mannheim, nchi ya Ujerumani, alipata hati ya serikali kwa ajili ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Gari lile halikuwa na staata. Mtu alishika gurudumu kubwa la chuma lililokuwa nyuma, akalizungusha kwa mikono yake hata injini ikaitikia.

Watu walilitazama gari hilo kama kichekesho, wala hawakulinunua. Basi mwezi wa Agosti mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliondoka nyumbani alfajiri pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, pasipo kumwambia mumewe, akaenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilometa 100. Mtu ye yote alikuwa bado hajasafiri mbali hivyo kwa motokaa.

Njiani injini ilimsumbua. Mpira wa petroli ulipoziba, aliuzibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunika kwa ukanda wa soksi yake. Mafuta yalipokwisha, alinunua mengine katika duka la dawa la mji wa Wiesloch, kwa kuwa siku zile vituo vya petroli havikuwapo. Huyu hakuwa fundi wa kufundishwa shuleni. Lakini tazama alivyofanya: hakuipiga injini, wala hakuibadilisha yote, aliuliza, "Je, ni mafuta, au ni moto?" akafuata njia ya mafuta hata akaona palipoziba, akafuata njia ya umeme hata akaona palipochubuka. Hata leo fundi mwenye akili hufanya vivyo hivyo.

Katika miaka iliyofuata njia hizo mbili zilitengenezwa vizuri zaidi. Gottlieb Daimler alikuwa akiwasha injini zake kwa mrija uliopashwa moto na taa, na dereva alipaswa kwanza kuwasha taa hiyo na kungoja, kama mpishi angojaye mkaa ushike. Mwaka 1893 mwenzi wake, Wilhelm Maybach, alitengeneza kabureta inyunyizayo petroli katika hewa kwa tundu jembamba. Na mwaka 1902 Gottlob Honold, aliyefanya kazi kwa Robert Bosch mjini Stuttgart, alitengeneza magneto ya umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake. Tangu hapo cheche ikawa ya kutegemewa zaidi, na taa za moto zikaachwa.

SIKU ZA HENDELI

Walakini kazi ya kuzungusha ilibaki kwa mkono wa mtu. Mbele ya motokaa palikuwa na tundu, na ndani yake ilitiwa hendeli ya chuma. Dereva aliinama, akaishika, akaivuta juu kwa nguvu. Kama wakati wa cheche haukurudishwa nyuma kwanza, injini iliweza kupiga kinyume, na hendeli ikarudi kwa ghafula ikauvunja mkono. Wengi walivunjika hivyo. Kwa sababu hiyo wazee waliwafundisha vijana wao wasikizungushe kidole gumba upande wa pili wa hendeli, bali wakiweke upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi ipate kuponyoka mkononi.

Katika nchi zenye theluji taabu ilizidi. Ford Model T, motokaa iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15, ilikuwa na desturi yake ya ajabu. Klachi yake ilikuwa ya sahani nyingi zilizozama katika mafuta. Baridi ilipoyafanya mafuta kuwa mazito, sahani zilishikana, na mtu alipozungusha hendeli motokaa yenyewe ilianza kumsogelea, nayo ikiwaka ghafula ilitaka kumpanda. Kwa hiyo wakulima wa Marekani waliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha, ili lizunguke hewani. Wengine waliyatoa maji ya rejeta kila jioni yasigande na kuipasua injini, wakayachemsha jikoni asubuhi na kuyamimina tena yakiwa moto.

Lakini hendeli, pamoja na ukali wake, ilikuwa na fadhila moja. Mkono wa mtu ulikuwa chombo cha kupimia. Ulijua kama mafuta ni mazito, ulijua kama silinda moja haisindiki, maana haikusukuma kama wenzake. Dereva aliupata ugonjwa kabla ya kufungua kifuniko.

STAATA YAZALIWA

Henry Leland, mkuu wa kiwanda cha Cadillac, alichukizwa na majeraha ya hendeli, akataka iondolewe. Kazi hiyo aliipata Charles Kettering wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kettering alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya mashine za kuhesabia fedha za dukani, na huko alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kuziendesha. Hapo ndipo alipopata fumbo lake. Mafundi wengi walisema mota iwezayo kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno, haiwezi kuchukuliwa na motokaa. Yeye alijua ya kwamba mota ndogo yaweza kufanya kazi kubwa kupita kipimo chake, mradi iifanye kwa muda mfupi tu, kisha ipumzike. Mwaka 1911 kazi ilikwisha, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa zikiwa na staata ya umeme.

Betri yenyewe haikuwa kitu kipya, maana Gaston Planté wa Ufaransa aliivumbua betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Lakini tangu siku ya Kettering mzigo wote wa alfajiri uliwekwa juu ya betri hiyo. Mikono ikapona, na hata mtu asiye na nguvu nyingi akaweza kuendesha motokaa peke yake. Ndiyo faida, nayo ni kubwa. Hasara yake ni hii: kitufe hakina hisia. Mtu abonyezaye kitufe haambiwi kitu na mkono wake. Asiposikiliza kwa sikio, hana tena njia ya kujua. Tena kanuni ya Kettering tumeisahau. Staata ni mota ndogo ifanyayo kazi kubwa kwa muda mfupi, na dereva aishikiliaye nusu dakika nzima aiunguza bure pamoja na kuimaliza betri.

VITA NA BARIDI

Mtu akidhani baridi ni adui mdogo, na akumbuke Desemba 1941. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamefika karibu na Moscow, nayo baridi ikashuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Mafuta ya injini yakaganda kama mshumaa. Askari wakawasha moto chini ya magari na vifaru ili wayayeyushe. Wengine waliziacha injini zikizunguka vipindi vya usiku wote, wakaila petroli ambayo walikuwa hawana ya kutosha. Mashujaa wa Urusi ndio walioyazuia majeshi hayo, wala tusiwanyang'anye sifa yao. Lakini magari yasiyowaka alfajiri yaliwazidishia Wajerumani msiba wao.

Kwa taabu kama hizi watu walijifunza. Mwaka 1927 huko Marekani ilianza kuuzwa dawa ya rejeta iliyofanywa kwa ethilini glikoli, isiyokauka upesi kama spiriti iliyotumika zamani, nayo huyazuia maji yasigande. Baada ya vita, mafuta ya injini yalianza kuandikwa kwa alama mbili, mfano 10W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha tabia ya mafuta katika baridi. Namba ya pili huonyesha uzito wake injini ikiisha kupata moto. Kadiri namba ile ya kwanza ilivyo ndogo, ndivyo mafuta yapitavyo upesi alfajiri. Wengi hutia mafuta yo yote wayapatayo dukani, kisha wakalaumu staata.

Injini ya dizeli ina njia yake. Rudolf Diesel aliitimiza injini yake mwaka 1897 huko Augsburg. Haina plagi ya cheche. Hewa husindikwa kwa nguvu hata ikapata moto wa nyuzi 500 au zaidi, na dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Lakini chuma kikiwa baridi hunyonya moto huo, na ringi za pistoni zikiwa zimechakaa hewa huvuja kabla haijapata moto. Ndiyo sababu motokaa ya Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936 ilikuwa na plagi ndogo za kupashia moto, ambazo dereva aliziacha zipate moto kwanza. Mwenye dizeli kuukuu asiyengoja taa ya plagi hizo izimike, na ajilaumu mwenyewe.

CHOKI NA VITU VYA SIKU HIZI

Kwa kuwa petroli haipandi vizuri katika baridi, kabureta zilitiwa choki, yaani kifuniko kipunguzacho hewa ili petroli izidi. Injini baridi yataka choki; injini yenye moto haiitaki. Hapo ndipo madereva hupotea. Choki isipofunga, injini hupata njaa. Ikifungwa mno, au pedali ikikanyagwa mara nyingi, petroli huzilowesha plagi, na cheche haiwezi kuruka katika maji. Injini imezama, nayo haitawaka hata ikisukumwa mpaka mto wa pili.

Mwaka 1967 Bosch walitoa mtambo wa umeme wa kunyunyizia petroli, uliotiwa katika Volkswagen 1600 zilizokwenda Marekani. Kidogo kidogo mitambo kama hiyo ilichukua mahali pa kabureta, na katika miaka ya 1990 motokaa mpya nyingi za Ulaya na Marekani hazikuwa tena na choki ya kuvutwa. Kipimo kidogo kilichotiwa katika maji ya injini huiambia kompyuta ya motokaa kiasi cha baridi, nayo huzidisha petroli. Lakini hata hapo ugonjwa ni ule ule katika vazi jipya. Kipimo hicho kikiharibika na kuiambia kompyuta ya kwamba injini ina moto ilhali ni baridi, injini hukosa petroli ya kutosha, kama vile mtu amesahau kuvuta choki.

NAMNA YA KUICHUNGUZA

Sasa twaweza kuyapanga mambo. Motokaa kuukuu ikikataa alfajiri, sikiliza mara moja tu, kwa muda wa sekunde tano, kisha jiulize ni ipi kati ya hali tatu hizi.

Hali ya kwanza: injini huzunguka polepole, au hutoa mlio mmoja na kunyamaza. Hapa usiguse petroli wala plagi. Ugonjwa uko katika betri, nyaya zake, staata, au uzito wa mafuta. Anza na kitu rahisi. Tazama vichwa vya betri. Kama vina ukungu mweupe au wa kijani, umeme hupita kwa shida. Fungua, kwanza waya wa upande wa kutoa, usugue vichwa na nyaya, uvioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukiangalia maji hayo yasiingie ndani ya betri, uvikaushe na kuvikaza. Fuata pia waya mnene uliofungwa katika chuma cha motokaa, maana huo husahauliwa. Ukiwa na kipimo, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Staata ikizunguka na kipimo kikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ni dhaifu. Kama betri ni nzima na vichwa ni safi, ulizia mafuta ya injini, kisha staata yenyewe.

Hali ya pili: injini huzunguka upesi, lakini haishiki. Hapo betri haina hatia. Nusa. Ukisikia harufu kali ya petroli, huenda imezama: usitumie choki, kanyaga pedali hata chini na uishikilie bila kupigapiga, ujaribu tena. Isiposhika, toa plagi. Zikiwa zimelowa, zikaushe mbali na motokaa. Zikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, nawe ufuate njia yake kama Bertha Benz, kutoka tangi hata kabureta. Kama petroli yafika, fuata njia ya umeme: futa umande katika nyaya za plagi na ndani ya kifuniko kigawacho umeme, tazama kama kina ufa, na katika motokaa za zamani sana usafishe platini, yaani vile vyuma viwili vifungukavyo na kufungana ili kuikata njia ya umeme. Betri ikiwa imechoka, cheche nayo hudhoofika wakati staata inapozunguka. Kwa hiyo waweza kuona magonjwa mawili kumbe shina ni moja.

Hali ya tatu: injini huwaka, kisha huzimika mara. Hapo shaka ya kwanza ni choki, au kile kipimo cha baridi katika motokaa za mtambo wa kunyunyizia.

Yote haya yakiwa salama, na bado injini ni ngumu kila alfajiri, ndipo ipimwe nguvu ya kusindika. Ringi zilizochakaa au vali zisizofunga huvujisha, na ugonjwa huo ndio wa gharama. Lakini angalia ya kuwa umekuja mwisho, ingawa watu wengi huutaja kwanza.

Nyongeza ni tatu. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana motokaa ikiwaka hutajua kipi kilichoiponya. Usiwashe moto karibu na betri, kwa kuwa hutoa gesi ipasukayo. Wala usiiache injini ikizunguka ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua wengi waliojificha baridi.

MWISHO WA ALFAJIRI ILE

Turudi kwa mzee wetu. Kwa kuwa hakupata jibu, alifungua kifuniko, akasogeza taa kwa mbali, akanusa. "Imezama," akasema. Kisha akaangaza upande wa betri, asiikaribie na moto, akaonyesha kwa kidole. Kichwa kimoja kilikuwa kimefunikwa na ukungu mnene. "Na huu ndio mwanzo wake."

Ndipo mambo yakatuelea. Betri ilikuwa nzima, lakini kichwa kichafu kiliunyima umeme njia, na staata ikazunguka polepole. Dereva, kwa hofu, akadhani injini inakosa petroli. Akavuta choki na kukanyaga pedali hata akaizamisha. Kisha akaimaliza betri kwa kuzungusha bure. Ugonjwa mmoja mdogo ulikuwa umezaa mingine miwili, nayo yote miwili tuliizaa sisi. Hata vijana waliosukuma hawakuwa na kosa la nguvu. Walikuwa wakisukuma injini iliyolowa.

Mzee akaagiza maji ya moto na magadi jikoni. Akazitoa plagi nne, akampa mwanamke mmoja azikaushe mekoni. Akasugua kichwa cha betri, akafuta nyaya kwa kitambaa kikavu, akazirudisha plagi zikiwa bado zina moto. "Sasa betri imechoka, isukumeni kwenye mteremko," akasema, "wala mtu asiguse choki." Wakasukuma hatua kama ishirini. Dereva akaiachia klachi, injini ikakohoa mara mbili, ikawaka.

Mtoto alizaliwa hospitalini saa tatu ya asubuhi, mzima, na mama yake mzima. Lakini mkunga wa huko alituambia wazi ya kuwa saa moja zaidi ingetosha kumpoteza mmoja wao. Saa hiyo tulikuwa karibu kuipoteza kwa ajili ya ukungu wa chumvi usiozidi ukucha wa kidole.

Siku ya pili mwenye motokaa alikwenda kumshukuru mzee na kumwuliza ampe kiasi gani. Mzee akakataa fedha. "Nunua magadi," akamwambia, "na kila mwanzo wa mwezi wa Mei, kabla ya baridi, uvioshe vichwa hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nami nilikuwapo nikisikia, na tangu siku hiyo, kitu cho chote kikikataa mbele yangu, kiwe motokaa au mtoto darasani, najizuia kwanza nisiseme, nikauliza kama yule mzee: ilipoanza, ilikuwaje?